Anemoni Watatu na Blanketi la Mbege

Rafiki yangu niliyesoma naye chuo, ambaye sasa anaishi Tanga, alinitumia anemoni wanne kwa basi, kila mmoja kwenye mfuko wake wa maji ya chumvi. Anemoni ni mnyama wa baharini anayefanana na ua: chini ana mguu mmoja wa kunatia kwenye jiwe, juu ana minyiri ya kukamatia chakula. Wa kwake ni mkubwa kama sahani na hujigawa mwenyewe. Hawa wanne walikuwa vipande vyake, kila mmoja mdogo kama kifungo cha koti.

Nilikuwa nimewaandalia tangi sebuleni kwetu Rau, Moshi, kwa miezi mitatu. Nilikuwa na chumvi maalumu, taa, hita, pampu ya kuzungusha maji, na daftari lenye maswali ambayo hakuna aliyeniuliza. Barua za kuomba kazi nilikuwa nimeandika nyingi, na majibu yalikuwa hayaji. Nilitaka kitu kimoja tu mwaka huo kikubali kushika.

Siku ya pili tu, mmoja alinyonywa na pampu. Nilikuta vinyuzi vyeupe vikielea. Nilikuwa nimelifikiria joto, nikaifikiria chumvi, nikaufikiria hata mtetemo wa malori barabarani, lakini sikufikiria kuivika pampu sponji.

"Waliobaki ni watatu," rafiki yangu aliniambia kwenye simu. "Ukiwaua na hao, mimi sikutumii tena hata kokoto. Waweke kwenye kikombe chenye vipande vya mawe, funika kwa wavu, wapunguzie mkondo. Halafu uwaache."

Niliivika pampu sponji. Wavu nilitaka kukata kwenye chandarua, mkasi ukiwa tayari mkononi, nikakumbuka chandarua kina dawa ya wadudu. Nikakata mfuko wa vitunguu, nikausuuza mara sita. Huo ndio ulikuwa wasiwasi wangu wa pekee uliowahi kumfaa mtu.

Tatizo lilikuwa pale kwenye "uwaache". Kila baada ya dakika kumi nilifunua wavu. Nikiona mguu haujanata, nilimhamishia jiwe jingine kwa kijiko. Akianza kunata, nilidhani amenata vibaya, nikamsogeza. Dada yangu ni muuguzi. Alikuwa akitoka kazini, ananikuta nimepiga magoti mbele ya kioo cha tangi.

"Wagonjwa wanaendeleaje, daktari?"

"Mmoja amesinyaa."

"Hata mimi ungenifunulia shuka kila dakika kumi ningesinyaa."

Jumamosi asubuhi umeme ukakatika. Ilikuwa Julai, Moshi ya ukungu, ya kuvaa sweta mpaka saa saba mchana. Hita ilizimika, pampu ikanyamaza. Nilikuwa na kipampu cha hewa cha betri, kwa hiyo hewa ilikuwepo, lakini joto lilianza kushuka: ishirini na sita, ishirini na tano, ishirini na nne na nusu. Jirani akapita kutuambia nguzo imeanguka na mafundi hawajafika. Nikaanza kuwaza niwapeleke Kahe, huko chini kuna joto. Nikawaza bajaji. Nikawaza maji yatakavyomwagika. Nikakaa chini.

Mama alikuwa jikoni na pipa lake. Mtoto wa mjomba alikuwa anapata Kipaimara wiki ile, na mama alikuwa ameanza mbege, pombe yetu ya ndizi; ndizi zimeshapikwa na kuachwa zichachuke. Yeye amekulia mlimani, kwenye baridi kuliko hii, na anajua kulinda joto la pipa. Alikuja sebuleni akifuta mikono kwenye khanga, akalishika tangi kwa kiganja kama anayepima homa.

"Hili linataka kuvikwa."

"Mama, hawa siyo mbege."

"Nimesema ni mbege? Nimesema linataka kuvikwa. Leta majani."

Nilikusanya majani makavu ya migomba nyuma ya nyumba. Tulilizungushia tangi pande zote, tukafunga kwa kamba ya mgomba, tukaweka chupa za maji ya moto zilizofungwa taulo, kisha juu yake blanketi zito ambalo mama hulivikia pipa, lenye harufu ya ndizi mbivu. Upande mmoja tuliacha upenyo wa mpira wa hewa na kipimajoto.

"Sasa sikiliza," mama alisema. "Pipa likivikwa, halichunguliwi. Hata baba yako hakuwahi kuchungulia langu. Utafunua kesho tukitoka misa."

"Kesho? Na kama wakifa?"

"Basi watakuwa wamekufa kwa amani, bila kuona sura yako."

Dada alicheka mpaka akakaa.

Siku ile nilibadilisha chupa za moto bila kufunua blanketi. Kipimajoto kilisimama kwenye ishirini na nne na hakikushuka. Nilinawa mikono bila sababu. Nilizunguka nyumba. Misani sikusikia hata neno la mahubiri.

Tulipofunua, nilikitazama kikombe kwanza. Wawili walikuwa ndani, wameota kwenye mawe, minyiri imefunguka mizima. Nilitikisa kikombe kidogo, hawakutikisika. Lakini wa tatu hakuwemo.

"Yuko wapi? Mama, yuko wapi?"

"Usipige kelele. Huyu hapa."

Alikuwa amepenya kwenye tundu la wavu na kutembea, pampu ikiwa imelala, mpaka kwenye jiwe kubwa la katikati. Alikuwa amevimba, wa kijani, ameinuka kuliko nilivyowahi kumwona.

Wakati huohuo umeme ukarudi. Taa ikawaka, pampu ikanguruma, na mkondo ukaja moja kwa moja juu yake. Alilala ubavu, minyiri yote ikaelekea upande mmoja. Mkono wangu ulikuwa tayari majini mpaka kwenye kiwiko. Mama aliushika.

"Acha."

Niliacha. Anemoni aliyumba, akajikunja, akajikunjua. Mguu haukutoka kwenye jiwe.

"Ameshika!" nilipiga kelele. "Dada, ameshika! Wote watatu!"

Mama alikuwa ameshaanza kukunja blanketi lake. Pipa lilikuwa linalisubiri.