Mraba wa Misumari

Nakumbuka siku moja ambayo ningependa kuisahau, mwanangu, na haisahauliki. Nchi ilikuwa bado inaitwa Zaire. Mimi nilikuwa karani kijana kwenye mradi mmoja wa madaraja hapa Bunia, kichwa kimejaa maringo.

Ukutani tulibandika karatasi kubwa ya miraba. Kila daraja la njia ya Marabo lilikuwa na mstari wake, na kila kazi mraba wake: nguzo, magogo, mbao, misumari. Kazi isiyoanza ilibaki nyeupe, iliyoanza niliipaka nyekundu, iliyokwisha bluu. Mkuu wa kazi aliitaka hivyo kwa sababu madereva wengi hawakujua kusoma. Kila asubuhi waliitazama kabla ya kuwasha lori. Mstari ukiwa wote bluu, walipita darajani. La sivyo, walizunguka njia ya mbali.

Kazi yangu ilikuwa kwenda kwa baiskeli kuona kila daraja kabla ya kupaka rangi. Lakini wiki ile mvua haikukatika, na wageni wakubwa walitazamiwa kutoka Kisangani. Daraja la tatu lilibakiza mraba mmoja mwekundu, wa misumari. Ulinikera kama doa kwenye shati jeupe. Nikajiambia mafundi watakuwa wamemaliza, nikaufunika kwa bluu, nikikandamiza kalamu mpaka karatasi ikataka kutoboka. Nilikuwa mvivu, mwanangu, nami nilitaka sifa. Sina jina zuri zaidi la kuliita jambo lile.

Kesho yake dereva Ngabu, aliyezoea kuniletea ndizi kila akitoka Marabo, alisimama mbele ya karatasi, akatikisa kichwa kukubali, akaondoka. Mbao zilikuwa zimelazwa tu, hazijapigwa misumari. Zilifyatuka chini ya magurudumu, lori likaanguka mtoni.

Nilimkuta hospitalini, mguu mmoja umekwisha kukatwa.

"Karani," akaniambia, "miye hapana jua kusoma. Nilijua tu rangi yako. Weye ulifika kule?"

Nikatikisa kichwa kwamba sikufika.

"Basi ulinituma kwa daraja yenye hata weye hapana ona."

Akageukia ukuta. Wageni walifika wiki iliyofuata, wakanywa bia, na karatasi yangu hawakuitazama hata mara moja.

Ngabu akawa fundi wa baiskeli karibu na soko. Kila nilipopita alinisalimu, salamu ya kawaida kabisa, nayo ikaniuma kuliko tusi. Mwishowe nikabadilisha njia. Nilifika kwake tena siku ya kumzika, na ombi langu la msamaha ninalo mpaka leo, sina wa kumpa.

Mwanangu, siku hizi miraba yenu ya kazi iko kwenye kompyuta, na rangi mnaziweka kwa kidole. Ni kitu kizuri. Ila usipake rangi ya kazi ambayo hukwenda kuiona. Acha mraba ubaki mwekundu, hata mkubwa wako akugombeze mbele ya watu, usiku utalala. Kuna mtu atakayeiamini rangi yako kwa miguu yake mwenyewe.

Mungu akupe nguvu ya kwenda kuona, na kinywa cha kusema haijaisha. Na siku utakayokosea, kwa maana utakosea, akupe kuomba msamaha wakati mwenye kuombwa bado anakusalimu.