Shuka Bila Mkunjo

Shangazi yangu hakuwa mtu wa kupendeka, na wanaosema leo kwamba alikuwa malaika ni waongo. Alikuwa na mdomo mkali na viatu vya kelele, na hakuwahi kumwambia mtu pole kama kulikuwa na jambo la kumfanyia badala yake. Nasema hivi mapema kwa sababu nimechoshwa na hotuba. Hao hao wanaomwita malaika ndio waliomlaza chali wiki nzima, na nitaeleza walivyofanya.

Alipoanza kazi, uuguzi katika hospitali yetu ulikuwa kumbebea daktari mkoba na kumfukuzia nzi. Wagonjwa walilala walivyoangushwa. Mtu akivunjika mguu alilala chali mpaka mgongo ukaoza, na akifa walisema siku zake zilifika. Daktari mkuu wa wakati huo, bwana mmoja mwenye kitambi na miwani, alikuwa akipita wodini na leso puani, macho kwenye saa yake. Shangazi, ambaye ndiye wa kwanza mjini kwetu kwenda kusomea uuguzi akarudi, alimwambia mbele za watu kwamba kidonda cha kulalia hakitoki kwa Mungu, kinatoka kwa muuguzi mvivu. Yule bwana akacheka. Akamwambia ameajiriwa kutandika vitanda, basi atandike.

Akatandika. Alianza na shuka, kwa sababu shuka lenye mkunjo humsugua mgonjwa asiyeweza kujisogeza mpaka ngozi inachubuka, na ikishachubuka, kidonda kimepata mlango. Alikuwa akipitisha kiganja chini ya kila mgongo akitafuta mikunjo, ndiyo maana wabeba machela walimbandika jina la Sista Mkunjo. Akishanyoosha, humlaza mgonjwa ubavu, humkausha jasho, humwekea mto katikati ya magoti, kisha hurudi baadaye kumgeuza upande wa pili. Kutwa kucha ndiyo kazi hiyo. Alipoletewa wanafunzi, aliwalaza wenyewe kitandani juu ya shuka lililokunjwa makusudi, akawakataza kujitikisa tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana. Waliinuka wanalia. Mmoja alimtukana, na shangazi akamwambia kwamba sasa ameanza kuelewa.

Nyumbani nako hakuthaminiwa. Baba yangu, kaka yake wa tumbo moja, alikuwa akisema ana dada anayechamba watu baki, na shangazi akimpa maji ya kunywa alimtazama mikono kwanza. Bibi alimtafutia mchumba. Mchumba akauliza anafanya kazi gani, akajibiwa, akakumbuka ghafla kwamba ana safari. Shangazi alicheka sana siku ile. Alisema mwanaume anayekimbia mavi ya wengine atamsumbua mkewe siku atakapougua akawa na ya kwake kitandani.

Vidonda vikaisha wodini. Waliokuwa wakitoka kwa machela wakaanza kutoka kwa miguu yao, na hospitali nyingine zikaleta watu kujifunza. Daktari mwenye leso akapokea pongezi zote bila kuona haya.

Shangazi alipostaafu, walibaki na nusu ya somo lake, ile nusu inayoonekana ukiwa mlangoni. Kumgeuza mgonjwa kunauma kiuno na hakuna mkubwa anayekuona ukifanya, lakini shuka lililonyooka linaonekana hata na asiyeingia. Wakaanzisha mashindano ya kitanda bora kwa jina lake, mshindi anapewa chupa ya chai. Wagonjwa wakawa wanakaripiwa wakijigeuza, eti wanaharibu kitanda. Mimi ni fundi cherehani, nimeona watu wanaoshona nguo wasizivae wakaziacha kabatini, lakini hao angalau hawaumizi mtu.

Mwaka juzi shangazi aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Tukampeleka kulekule. Walimpokea kwa vigelegele, maana walikuwa katika maandalizi ya kuipa wodi jina lake, na sasa mwenye jina ameletwa mzimamzima mpaka mlangoni. Daktari mkuu wa sasa, kijana wa suti ya kubana anayeanza kila sentensi na "kimsingi", aliamuru apewe kitanda cha mbele. Metroni, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alikitandika kwa mikono yake.

Nilipokwenda kumtazama, shangazi alinivuta mkono. "Nimelala chali tangu jana," akasema. "Mgongo unawaka. Kwa umri huu ngozi yangu ni karatasi, mwanangu. Ikifunguka haifungi tena. Waambie wanigeuze."

Nikamfuata metroni ofisini. "Metroni, shangazi anaomba ageuzwe."

"Tutamgeuza, dada yangu. Ila wiki hii wakubwa wanapitapita kukagua, na kitanda kile ndicho cha mfano. Si unamjua mwenyewe anavyopenda shuka lake?"

"Anapenda mgongo wake zaidi."

Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu asiyejua kusoma. "Shuka likinyooka, kidonda hakiji," akasema. "Alitufundisha yeye."

Mwanamke mzima, ana cheo na ofisi yenye pazia, na hajawahi kujiuliza lile shuka lilikuwa linanyooshwa kwa ajili ya nani. Nilijaribu kumgeuza mwenyewe, lakini nyonga iliyovunjika haigeuzwi na mtu mmoja, na waliponiona wakanitoa nje. Nikamwomba daktari mkuu ruhusa ya kumhamishia hospitali nyingine. Akasema kimsingi haiwezekani kabla ya sherehe. Shangazi aliwafokea kila alipopata pumzi, nao wakacheka kwa mapenzi, wakaambiana bibi hajabadilika.

Siku ya sherehe ikafika. Daktari mkuu akahutubia, metroni akahutubia, wakamvika shangazi kilemba cha ukoka mpaka kikamfunika macho. Mgeni rasmi, mheshimiwa mmoja aliyenukia manukato ya kutosha ukoo mzima, aliinama kitandani.

"Mama, una neno gani kwa wauguzi vijana?"

"Naomba wanigeuze," shangazi akasema.

Mheshimiwa akamtazama metroni. Metroni akatabasamu. "Ni maumivu ya nyonga, mheshimiwa. Na umri pia."

Mheshimiwa akampigapiga shangazi mkono, akaenda kukata utepe mlangoni, na kundi lote likamfuata. Aliyebaki ni muuguzi mmoja wa zamu. Nikamwambia, "Shika kule." Aliutazama mgongo wa metroni ukitoka, kisha akashika. Tukamgeuza taratibu, na shuka likanyanyuka naye, maana lilikuwa limegandana na nyama. Kidonda kilikuwa kipana kama kiganja changu. Shuka lenyewe, tusiwaonee, halikuwa na mkunjo hata mmoja.

Yule muuguzi akaanza kulia. Shangazi alikuwa amewekwa uso ukutani, haoni kitu.

"Kimefunguka?" akauliza.

"Kimefunguka, bibi."

"Utalia baadaye. Leta maji ya chumvi yaliyochemshwa na kitambaa safi. Anzia katikati, uende nje. Usisugue."

Akamwelekeza hivyo mpaka mwisho, kwa sauti ileile ya kufokea, na kule mlangoni watu wanapiga makofi. Nilikuwa nimemshika bega nikiwachukia wote, mmoja mmoja.

Tulimchukua nyumbani kesho yake bila kumwomba mtu ruhusa. Tulimgeuza kwa zamu, mimi na binamu zangu, naye akitukosoa namna tunavyoweka mito. Kidonda kilikuwa kimeshamzidi. Homa ilimpanda, akaacha kutukosoa, na hapo tukajua.

Daktari mkuu alikuja msibani na shada kubwa kuliko jeneza. Waombolezaji walimwuliza mama wa watu amekufa kwa ugonjwa gani, akainamisha kichwa na kusema kimsingi ni uzee. Mimi ndiye niliyemwosha maiti. Nikamsogelea nikamwambia uzee huo ni wa ajabu, umemla mgongoni mpaka mfupa ukaonekana, kifuani hata haukumgusa. Akanishika mkono akaniambia pole sana.