Duara Nyuma ya Nyumba

Mama alipoolewa alitoka Lushoto na mizizi ya matunda ya miiba, ameifunga kwa gunia bichi, akapanda nayo treni hadi Shinyanga. Kwetu, karibu na Bugarama, hakuna aliyeyajua matunda yale. Yalianza mabichi, yakawa mekundu, mwisho yakawa meusi tii. Kwa sababu ya jua kali aliyapanda nyuma ya nyumba, penye kivuli, ambako maji ya bafuni yalipita. Kila baada ya mavuno alikata fito zilizokwisha kuzaa, maana hazizai tena, na zile changa akazifunga kwenye miti kwa kamba za katani. Sisi watoto tuliruhusiwa kuchuma; kukata, hapana.

Nikiwa kidato cha pili, nasoma bweni mjini Shinyanga, nilirudi likizo ya Juni. Nilimwamkia mama, aliyekuwa anapepeta mchele uani, nikazunguka nyuma moja kwa moja. Palikuwa na shimo lililozidi kimo changu. Fito zilikuwa zimerundikwa pembeni, zimekauka, na vitunda vibichi vimenyaukia juu yake.

Nikadhani wachimba dhahabu wametuvamia. Nilirudi mbio.

"Mama, nani kafanya vile?"

"Mimi," alisema, bila kuacha kupepeta. "Nilikuwa nahamisha chipukizi, jembe likagonga jiwe lenye vimeta vya njano. Mchimbaji mmoja akalitazama, akaniambia nifungue duara."

Duara ndilo jina la shimo la dhahabu. Mama yangu, aliyetukataza hata kupita karibu na wachimbaji, alikuwa amefungua lake. Nikakaa chini. Nilimuuliza kama hakuyaonea huruma matunda yake.

"Yalikuwa yananizuia kuchimba," akasema.

Siku ya tatu baba alirudi kutoka Mwanza, alikokwenda kununua vitambaa vya duka. Nilijua atafoka. Alisimama ukingoni akimtazama mama, aliyekuwa ndani ya shimo ameshika sururu.

"Umepata?"

"Bado."

Baba akavua shati, akanipa nilishike, akashuka. Nilibaki pale, siamini macho yangu.

Hawakupata kitu. Masika yalijaza shimo maji, akatumbukia mbuzi wa jirani, ndipo wakalifukia. Hakuna aliyetaja matunda tena, nami nikaamini mama anajuta kimyakimya.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa nimeolewa Masumbwe, ambako mvua ni nzuri zaidi. Mama alipokuja kunitembelea, nilimwonyesha sehemu niliyoitayarisha.

"Mama, twende Lushoto tukachukue mizizi mingine. Kazi nitafanya mimi."

Alinitazama kana kwamba haelewi.

"Ya nini? Miaka yote ile miiba ilinichana mikono. Siku nilipoing'oa nililala usingizi mzuri sana."

Nilimmiminia chai, akanywa taratibu, akaanza kuniuliza habari za mume wangu.