Mwingereza Tuliyemwekea Matanga

Harufu ya petroli naipenda mpaka leo. Hapa ughaibuni, mjini Katy, mkwe wangu akisimama kujaza mafuta mimi nateremsha kioo, naye anagomba, "Mama, funga, utaumwa kichwa!" Yeye ananusa petroli tu. Mimi nasikia jenereta la gari la sinema likinguruma kwetu Tukuyu, ukungu umeshuka, shuka jeupe limefungwa kwenye miti miwili. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo nikizunguka nifuateni tu, nitafika.

Msimu ule baba alikuwa migodini Kusini na habari zake zilikuwa zimekatika. Baba mdogo akaanza kumwambia mama, "Shemeji, tumlilie yaishe." Kila mtu alijua maana yake: kilio kikiisha mama anarithiwa, na sisi na migomba yetu tunakuwa wa baba mdogo.

Sasa kwenye sinema alikuwapo Mwingereza mmoja mrefu, masharubu kama yamechorwa kwa mkaa. Jina lake lilitushinda, tukamwita Bwana Masharubu. Mfasiri alitueleza maneno yake kwa kipaza sauti, na mengine nadhani aliyatunga mwenyewe. Jioni moja Bwana Masharubu akapigwa risasi, akafia kwenye theluji, ambayo sisi tulidhani ni unga, tukausikitikia na unga pia. Kwetu alikuwa amekufa kweli. Nani akubali kupigwa risasi kwa mchezo? Kesho yake wanawake wakapika maharage na ndizi, tukamwekea matanga. Mama alilia kuliko wote. Nadhani hakuwa akimlilia Mwingereza peke yake.

Gari la sinema liliporudi baada ya mwezi, nani yule juu ya farasi? Watu wakaruka. Mzee mmoja akapiga kelele, "We Masharubu, rudisha maharage yetu!" Tukacheka mpaka mfasiri akashindwa kazi. Mama hakucheka. Asubuhi baba mdogo alipokuja na maneno yake yale yale, mama alimsimamisha mlangoni.

"Shemeji, yule nimemwona akifa kwa macho yangu, na karudi. Mume wangu sijaona hata kaburi. Nimlilie nini?"

"Ile ni picha tu, shemeji!"

"Mbona na wewe ulilia?"

Na kweli alilia. Akaondoka, hakulirudia tena neno lile. Baba hakurudi, lakini mama alibaki kwenye nyumba yake na migomba yake, akatulea tukawa watu.

Mwaka 2018 mjukuu wangu Neema alimtafuta Bwana Masharubu kwenye simu, kwa jinsi nilivyomsimulia. Kumbe alianzia kwenye majukwaa madogo kwao Uingereza, akaigiza mpaka uzeeni. "Bibi, huyu alikuwa ana-die karibu kila movie!" Kisha akasoma chini zaidi. "Lakini alisha-die kweli, Bibi. Kitambo. Usingizini."

Zamani tulimngoja mwezi mzima; leo yumo kiganjani mwa mtoto, anakufa na kufufuka kwa kidole. Baba yangu hakuacha hata picha moja. Nilimshukuru Mwingereza yule kimoyomoyo, nikainuka, nikabandika maharage na ndizi. Mkwe wangu aliporudi kazini akashangaa masufuria.

"Mama, tuna wageni?"

"Kaa ule, baba," nikamwambia. "Kuna mtu tulimlilia mapema mno."