Vidonge vya Siku Kumi na Moja

Pale hospitalini walimwita Sajini, ila si mbele yake. Alikuwa muuguzi wa chumba cha kusafishia damu, mwaka wa kumi na tisa sasa, na katika miaka hiyo alikuwa amemgombeza kila mtu isipokuwa mashine. Mgonjwa akila chumvi, alijua. Akiruka dozi, alijua, na siku hiyo mgonjwa alitokwa na kijasho.

Nyumbani hakubadilika. Jumamosi moja kila wiki mbili alikwenda kwa wazazi wake, akamwaga mezani vidonge vya pumu vya baba yake, fundi viatu aliyestaafu, akavihesabu. Kikibaki hata kimoja kilichopaswa kumezwa, mzee alitazama sakafu na kupokea alichopokea. Sajini aliamini hayo ndiyo mapenzi, na kweli yalikuwa mapenzi, ila yalivaa buti.

Ijumaa moja, saa sita mchana, mzee aliletwa kwenye machela, anatapika, anatetemeka, moyo unakwenda mbio. Mama yake Sajini alifuata nyuma na chupa ya dawa mkononi.

"Amemeza vingapi?" daktari wa zamu aliuliza.

"Vya siku kumi na moja," mama alisema. "Alikuwa anasahau. Leo akakumbuka kwamba kesho ni Jumamosi, akataka hesabu ikae sawa."

Alisema hivyo bila kumtazama binti yake. Daktari hakuelewa Jumamosi ina nini, na hakuna aliyemweleza.

"Dawa imeshaingia kwenye damu," alisema. "Tusipoitoa, moyo utasimama. Muuguzi mwingine wa mashine yupo?"

"Yuko likizo," Sajini alijibu, akaanza kunawa mikono.

Mpira mmoja ulitoa damu ya mzee, ukaipitisha kwenye silinda iliyojaa mkaa wa kunasa sumu, na mwingine ukairudisha mwilini.

"Mkaa?" mama aliuliza. "Huu wa jikoni?"

"Ndugu yake aliyesoma, mama. Kaa hapo."

Saa ya kwanza mzee alishikwa na degedege. Sajini alimlaza ubavu, akaita daktari, akamshikilia mkono wenye mipira isichomoke. Mikono yake haikutetemeka, na baadaye jambo hilo lilimuudhi. Saa ya pili hapakuwa na nafuu. Ya tatu mapigo yakaanza kushuka kuelekea kawaida, na mama, aliyekuwa akiomba dua kwa sauti, akapunguza sauti.

Saa ya nne mzee alifumbua macho. Alimwona binti yake amesimama juu yake, na uso wake ukasawijika.

"Sikuruka hata kimoja," alisema kwa sauti iliyokwaruza.

Sajini alikuwa na majibu kwa kila mgonjwa mwongo, na yote aliyajua kwa moyo. Lakini baba yake alikuwa ametoka mlangoni mwa kaburi, na kitu cha kwanza alichokikuta huku ni kumwogopa yeye. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani.

"Najua, baba," alisema.