Bhoke Ajaribu Maswali kwa Mamake

Bhoke Magige anafundisha historia katika shule ya upili hapa Homa Bay, na jioni anasomea shahada ya uzamili ya sheria ya kimataifa ya haki za binadamu. Tasnifu yake ni juu ya desturi moja ya kwao Kuria. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, akaoa msichana kwa jina la mwana ambaye hakuzaliwa, ili watoto atakaozaa huyo msichana na mwanamume yeyote wawe wa nyumba yake. Bhoke aliandika kwamba hiyo ni sawa na utumwa, kwa sababu mkataba wa kimataifa wa mwaka 1956 unakataza mali kutolewa ili msichana aolewe pasipo haki ya kukataa. Hakumung'unya maneno.

Mimi ni jirani yake, Mgusii, na Kikuria nakisikia vizuri. Aliniomba nifuatane naye huko Kuria, yeye aulize, mimi niandike. Wanawake waliokubali kuhojiwa tungewaona Jumatatu, kwa hivyo Jumapili tulifikia kwao.

"Dada Nyatichi, tuyajaribu maswali kwanza kwa mama," akaniambia. "Yeye hayamhusu. Atatuambia tu kama yanaeleweka."

Mama yake, Gati, alikuwa anapepeta maharagwe. Kando yake aliketi nyanya, Wegesa, ambaye alimlipia Bhoke karo kwa tumbaku ya shamba lake mpaka chuo kikuu. Baba yake Bhoke, Magige, mwana wa pekee wa Wegesa, alizama ziwani karibu na kisiwa cha Mfangano kabla Bhoke hajazaliwa. Hivyo ndivyo Bhoke alivyojua, nami alinieleza hivyo.

Alianza na maneno ya ruhusa yanayotakiwa na chuo. "Mama, una haki ya kukataa. Ukikataa, hakuna litakalokupata."

Gati akaweka ungo chini. "Rudia."

Bhoke akarudia.

"Mwalimu, kumbe kuna watu huambiwa hivyo?"

"Ni utaratibu tu, mama. Swali la kwanza. Uliolewa na nani?"

Gati akamtazama Wegesa. "Nimwambie?"

"Umeulizwa wewe," Wegesa akasema.

"Niliolewa na huyu."

Bhoke akacheka. "Mama, wacha mchezo. Dada anaandika."

"Na aandike. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Ng'ombe walifika asubuhi, mimi nikaletwa jioni."

"Na baba?"

"Magige ni jina. Ng'ombe walitolewa kwa jina hilo, nawe ukaandikwa hilo."

"Mlisema alizama."

"Ulikuwa unauliza sana. Watoto wote hapa walikuwa na baba, au kaburi lake la kuonyesha, wewe huna. Ikabidi tumpeleke ziwani."

Kalamu yangu ilisimama. Njiani Bhoke alikuwa amenieleza sura yote ya tatu ya tasnifu yake, inayohusu mume asiyekuwepo. Sasa aliwaangalia wanawake hao wawili kama watu aliowakuta kwa mara ya kwanza. Hakumuuliza mama yake tena. Alimgeukia nyanya.

"Nyanya, yeye alitaka?"

"Hapana," Wegesa akasema. "Alitoroka mara mbili. Ya kwanza nilimfuata kwao. Ya pili nilimkuta barabarani, nikamchapa mbele ya watu, nikamrudisha."

"Wewe?"

"Mimi. Nyumba yangu ilikuwa inazimika. Nawe hukuwa umezaliwa, mwanangu, nani angenikataza?"

Mikono ile ile ya Wegesa ilikuwa imemfunga Bhoke kamba za viatu siku ya kwanza ya shule. Najua, kwa sababu alipenda kunisimulia. Aliinuka, akashika karatasi yangu.

"Tuifute, dada. Haya yalikuwa majaribio. Hayahesabiwi."

Gati alikuwa mwepesi kuliko nilivyomdhania. Aliweka kiganja juu ya maandishi.

"Usiguse. Hayo ni yangu. Kesho utawauliza mama za watu, uandike na uandike. Yangu uyafute kwa nini?"

"Itamwaibisha nyanya."

"Ataaibika. Hata mimi niliaibika pale barabarani."

Bhoke akaiachia karatasi. Alianza kusoma swali la pili, akaliacha katikati, akanisukumia hojaji nisome mimi. Niliwauliza yote hadi jua lilipokaribia kuzama. Gati alijibu polepole. Pale aliposahau jina la mzee aliyeshuhudia mahari, au la yule aliyemshika mkono barabarani siku ile ya kuchapwa, Wegesa ndiye aliyemkumbusha.