Waliotafuta Kuendesha

Mwaka 2008 nilikuwa na shule ndogo ya udereva mjini Nakuru, mlango kwa mlango na saiba ya Darshana, duka la kukodisha intaneti. Darshana alizaliwa hapa hapa, na udadisi wake haukuwa na dawa. Kompyuta zake ziliweka kila neno ambalo wateja walitafuta. Kila asubuhi, chai mkononi, alikuwa akibonyeza herufi moja kwenye mashine ya nne na kusoma orodha inayoteremka. Nilimwambia hiyo ni tabia mbaya. Akaniambia ninywe chai ninyamaze.

Mwezi wa tano aliniita. "Waithaka, kuja uone wateja wako."

Alikuwa amebonyeza K. *Kuendesha siku tatu. Kuendesha usiku kucha. Mtoto kuendesha.* Tulicheka hiyo ya mtoto. Nilibandika bango la shule yangu juu ya mashine hiyo, nikangoja wanafunzi.

Wiki ikapita, hakuja hata mmoja. Orodha ikazidi kurefuka. Chepngeno, aliyefagia saiba, alilitazama bango kwa muda mrefu.

"Boss, hawa hawataki gari. Ni tumbo inaendesha."

Niliona aibu. Neno hilo nalijua tangu utotoni, lakini tamaa ya biashara ilikuwa imeniziba masikio. Sasa niliisoma ile orodha upya. Watu wale walikaa hapo kimya, wakalipa, wakatuaga.

Chepngeno alipotoka kwenda posta, Darshana aliwakumbuka mmoja mmoja. Wote walitoka mtaa wa Kiamunyi, kwenye ploti za kupanga zinazochota maji kwenye tangi moja. Alipiga simu ofisi ya afya. Wakamuuliza ni daktari gani aliyetoa ripoti.

"Ni kompyuta," akasema. Simu ikakatwa.

Chepngeno hatukumwambia kitu. Tulijua anakaa mtaa wa Kiti, mbali na tangi hilo. Jioni tukamwachia ufunguo wa akiba afunge.

Kesho yake hakuja. Darshana alibonyeza K, na mstari mpya ukateremka: *kuendesha maji meupe mtoto wangu*. Hakuna mteja aliyekuwa amebaki jana. Darshana akapiga simu.

"Chepngeno, uko wapi?"

"Niko kwa nyumba, mathe. Tulihamia Kiamunyi juzi. Nilifikiria nikikwambia mtoto ni mgonjwa utanifuta kazi."

Tuliruka ndani ya gari la shule, lile lenye L nyekundu, na sijawahi kuendesha vile tena. Njia nzima Darshana alirudia neno moja tu, tangi, tangi.

Tulimkuta Chepngeno mlangoni, amempakata mtoto ambaye macho yameingia ndani. Mama alitabasamu alipotuona.

"Ako sawa kidogo, boss. Hakatai maji. Hii ni kikombe ya tano, nachota tu hapo kwa tangi."

Nilichungulia kikombeni. Yalikuwa maji safi kabisa. Hata mimi ningeyanywa.